Tiba Inayoendelea Nyumbani: Mhadhara kuhusu Iodini ya Mionzi na Wagonjwa wa Tezi ya Shingo



Nashukuru kwamba mazungumzo haya yanafanyika hapa Nawoitorong, Lodwar, katika nyumba iliyojengwa kwa vifaa vya nchi hii na kuendeshwa na wanawake. Ugonjwa nitakaouzungumzia huwapata wanawake mara nyingi kuliko wanaume, na mambo mengi nitakayosema yanahusu vyumba vya kulala, vyombo vya chakula, watoto wa kunyonya na maji. Hayo mnayajua kuliko daktari yeyote wa Nairobi.

Neno langu leo ni moja. Mgonjwa wa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi anaweza kupewa iodini yenye mionzi, akaimeza mara moja tu, kwa muda wa kunywa funda la maji. Kumeza hufanyika hospitalini; tiba yenyewe huendelea nyumbani kwa wiki, miezi na miaka. Kwa hiyo nyumba lazima iandaliwe kabla mgonjwa hajapanda gari, na daktari anayempa dawa lazima aambiwe ukweli kuhusu nyumba hiyo.

Ugonjwa unaojificha

Tezi hii iko mbele ya shingo, chini ya kongomeo. Huchukua iodini kutoka kwenye damu na kuitumia kutengeneza homoni zinazoamua mwendo wa mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, njaa, usingizi, hedhi, hata hasira. Homoni zikizidi, moyo hukimbia mtu akiwa amekaa, mikono hutetemeka, jasho humtoka, mwili hukonda ingawa anakula, usingizi humkimbia. Sababu kubwa duniani ni ugonjwa wa Graves, ulioitwa kwa jina la daktari Robert Graves wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili huichochea tezi bila kukoma, na wengine macho huwatoka nje. Sababu ya pili ni rovu la siku nyingi, ambalo wengi wetu tunaliita goita, lenye vinundu vinavyotoa homoni bila kutii amri ya mwili.

Sasa utazameni ugonjwa huu ukiwa Turkana. Mchana wa Lodwar joto hufika nyuzi 35 na kuzidi. Nani atashangaa mtu akitokwa na jasho? Ukame ulioanza mwaka 2020 ukaendelea hadi 2023 uliwakondesha watu na mifugo. Nani atamuuliza mama mmoja mbona amekonda? Rovu nalo hufunikwa na shanga. Mwanamke aliyevaa shanga tangu utotoni, safu juu ya safu hadi kidevuni, anaweza kuishi na uvimbe shingoni miaka mingi pasipo mtu kuuona, hata tabibu, ikiwa tabibu anaona haya kumwomba azivue. Akifika kituoni analalamika moyo unamdunda na usiku halali. Hupimwa malaria, hupimwa kifua kikuu, hupimwa virusi vya ukimwi. Vipimo hivyo ni vya haki. Vikitoka safi, baadhi ya watu humgeukia na kusema ana wasiwasi tu, au amerogwa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza nalipeleka kwa wahudumu wenzangu. Mtu akikonda na huku anakula, mikono ikitetemeka, mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika akiwa amepumzika, ombeni kwa heshima ashushe shanga, mshike shingo, mumtume akapimwe damu. Kipimo cha TSH, yaani homoni inayoiamuru tezi, na cha homoni za tezi yenyewe ndicho kitakachosema kweli. Macho yetu, katika nchi ya joto na njaa, hudanganyika.

Chumvi, Kivu na kambi

Mtu mmoja ataniuliza: iodini si ndiyo iliyo kwenye chumvi? Ndiyo. Serikali ya Kenya iliagiza chumvi ya kula itiwe iodini tangu miaka ya 1970, na uamuzi huo umewaokoa watoto wengi na udumavu wa akili. Mama mjamzito asiyepata iodini humwacha mtoto wake tumboni bila homoni ya kukuza ubongo. Chumvi hiyo tusiiache.

Lakini mwili uliozoea uhaba wa iodini kwa miaka mingi, ukiwa na rovu lenye vinundu, unaweza kushtuka iodini inapoingia kwa wingi ghafla. Hilo lilionekana Zimbabwe na Kivu, mashariki ya Kongo, katika miaka ya 1990: chumvi yenye iodini ilipofika, baadhi ya watu wenye marovu ya zamani walianza kukimbizwa na mioyo yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu kambi sita za wakimbizi barani Afrika ulikuta kwamba tano kati yake zilikuwa na iodini nyingi mno katika mikojo ya wakazi. Hapa jirani, Kakuma imepokea wakimbizi tangu 1992, na miongoni mwao wapo waliotoka milima ya Kongo ambako rovu ni jambo la kawaida. Tabibu wa Kakuma anapomwona bibi wa Kikongo mwenye rovu la miaka 30 na moyo unaoenda ovyo, naomba asiishie kwenye dawa ya shinikizo la damu.

Iodini ya mionzi inafanya nini

Njia za kutibu ni tatu. Ya kwanza ni vidonge, ambavyo kwetu huwa ni carbimazole, vikisaidiwa na propranolol ya kutuliza moyo. Mgonjwa wa Graves anaweza kuvitumia mwaka mmoja au mwaka na nusu na kupona, ingawa wengi ugonjwa huwarudia. Anayetumia carbimazole akipata homa pamoja na vidonda vya koo aache vidonge na akimbilie hospitali siku hiyo hiyo kupimwa damu, kwa maana dawa hii mara chache huziangusha chembe nyeupe. Njia ya pili ni upasuaji. Ya tatu ndiyo iliyotukutanisha.

Tezi haibagui iodini. Huipokea ya kawaida na yenye mionzi sawasawa, kama mbuzi anywaye hodhini pasipo kuuliza nani ameteka maji. Daktari Saul Hertz wa Boston ndiye aliyelitumia jambo hilo kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1941. Iodini tunayotumia leo, iodini-131, ilikuwa imegunduliwa mwaka 1938 huko Berkeley na Glenn Seaborg na John Livingood. Ikishaingia kwenye tezi hutoa mionzi ya aina mbili. Aina moja husafiri kiasi cha milimita 2 tu ndani ya mwili: hiyo ndiyo inayoziua seli za tezi taratibu na kuziacha sehemu nyingine salama. Aina ya pili hutoka nje ya mwili, na kwa ajili yake mgonjwa hujitenga kidogo na watu.

Ni dawa iliyokwisha kutumika kwa zaidi ya miaka 80. George Bush, aliyekuwa rais wa Marekani, aliinywa Mei 1991 baada ya moyo wake kwenda mrama akikimbia mazoezi, akaendelea na kazi yake. Mkimbiaji Gail Devers alitibiwa kwa iodini hii baada ya Graves kumwangusha, na mwaka 1992 akatwaa dhahabu ya mita 100 huko Barcelona, akairudia Atlanta mwaka 1996. Dawa hii hainyonyoi nywele kama dawa nyingi za saratani. Haifungi kizazi.

Najua hofu iliyomo humu ndani, na hofu hiyo ina chanzo cha kweli. Mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, iodini-131 ilianguka malishoni, ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa, na baadaye maelfu yao wakapata saratani ya tezi. Wafugaji mtaielewa njia hiyo bila kuchorewa: majani, mnyama, maziwa, mtoto. Tezi ya mtoto ni changa na hudhurika upesi. Hilo ndilo linaloeleza masharti yote nitakayoyataja. Masharti haya yanamlinda mtoto na mimba kwanza. Mtu mzima anayekaa na mgonjwa kwa adabu ya umbali hana sababu ya kumkimbia.

Kabla ya kuondoka

Iodini ya mionzi hutolewa Nairobi, kwa mfano katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na ile ya Aga Khan. Kampala wako Mulago, na Dar es Salaam wako Ocean Road. Kutoka Lodwar hadi Nairobi ni karibu kilomita 700 za barabara. Anayetoka Kakuma huongeza 120 hivi. Kenya haina kinu cha kutengenezea iodini hii, hivyo huagizwa kutoka nje kwa tarehe maalumu. Nguvu yake hupungua nusu kila siku 8. Ukikosa tarehe yako, dozi yako haikusubiri rafuni. Mkimbizi aombe kibali cha kutoka kambini mapema, akiwa na barua ya hospitali inayotaja tarehe. Mwenye bima ya SHA aulize kwa maandishi ni kiasi gani kinacholipwa, kabla ya kuuza mbuzi.

Wiki zinazotangulia zina maswali ambayo mgonjwa lazima ayajibu kwa ukweli. Je, ni mjamzito? Mimba ni kizuizi kamili, na kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hupimwa hata akiapa kwamba hana. Je, ananyonyesha? Titi huvuta iodini. Mama aachishe angalau wiki 6 kabla ya kumeza, na mtoto huyo asirudishwe titini tena. Katika kaya zetu, hasa wakati wa ukame, kumwachisha mtoto mapema ni kumnyang'anya chakula kilicho salama kuliko vyote. Kwa hiyo nasema wazi: mama wa mtoto mchanga anaweza kuisubiri iodini. Carbimazole kwa kipimo kilichopangwa na daktari inaweza kumshikilia hadi mtoto akue. Mwambieni daktari mtoto ana umri gani na nyumbani kuna chakula gani.

Je, macho yametoka au yanauma? Iodini ya mionzi inaweza kuyazidisha, na sigara huyazidisha zaidi. Daktari akijua anaweza kuongeza dawa ya kuyakinga au kuchagua njia nyingine. Je, mgonjwa amechomwa sindano ya rangi ya picha za skani karibuni, au anatumia dawa yenye iodini nyingi? Tezi iliyoshiba iodini haitaipokea ile ya tiba. Carbimazole husimamishwa siku chache kabla, kwa tarehe atakayopewa na hospitali. Propranolol kwa kawaida huendelea.

Sasa nafika pale ambapo maelekezo ya karatasini hutuacha njiani. Karatasi husema: lala chumba chako, tumia choo chako, vuta maji mara mbili. Mgonjwa wetu huitikia kwa kichwa, aibu ikimzuia kusema kwamba analala kibandani na watoto wanne, kwamba choo ni cha shimo na cha majirani pia, au hakipo, na kwamba maji huchotwa kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa laga, yaani mto mkavu. Mama, sema. Baba, sema. Daktari akijua nyumba yako ilivyo anaweza kubadilisha mpango: akakuweka karibu na hospitali kwa siku zaidi, au akazungumza na muuguzi wa kituo chako. Asipojua, atapanga tiba ya nyumba isiyokuwepo.

Siku za kwanza

Iodini ambayo tezi haikuichukua hutoka kwa wingi katika mkojo ndani ya siku mbili za kwanza, na kiasi kidogo hutoka katika mate na jasho. Kwa sababu hiyo sishauri kumeza asubuhi na kupanda basi la usiku jioni yake, bega kwa bega na mama mwenye mimba hadi Kitale. Mgonjwa apange na hospitali mahali pa kulala siku chache mjini, mbali na watoto, na aulize ni saa ngapi anaruhusiwa kukaa karibu na abiria mwingine. Abebe barua ya hospitali muda wa miezi mitatu hivi. Vitambua mionzi katika viwanja vya ndege na mipakani vinaweza kumlilia ingawa yu salama.

Nyumbani, umbali ndiyo kinga ya kwanza. Ukiongeza umbali kutoka mita 1 hadi 2, mionzi inayomfikia mwenzako hushuka hadi robo. Kwa dozi za kawaida za ugonjwa huu, kulala mbali na mtu mzima huwa ni kwa siku kadhaa hadi wiki moja na zaidi kidogo. Kulala mbali na mtoto mdogo au mjamzito hufika wiki mbili au tatu. Hospitali itakupa siku zako kamili, na hizo ndizo za kufuata. Katika boma letu hili linawezekana: mgonjwa apewe kibanda kimoja, watoto wahamie kwa bibi au kwa mke mwenza, na mtu mzima asiye mjamzito amletee maji na chakula. Kupika anaweza kumwachia mwingine. Kuchunga mbuzi peke yake porini hakuna kizuizi, ikiwa ana nguvu.

Mate yanahitaji uangalifu wetu wa pekee. Msuaki wa mti wa esekon usitumiwe na wawili. Mama asimtafunie mtoto chakula. Kikombe na sahani viwe vyake, vioshwe peke yake. Mzee aliyemeza dawa na aahirishe zile baraka za kutemea watu mate hadi siku zake zitimie, baraka haziozi.

Kuhusu choo: atumie choo cha shimo kirefu, achuchumae, hata mwanamume, ili mkojo usitapakae, amwage maji kidogo na anawe mikono kwa sabuni. Iodini iliyo chini shimoni humalizika yenyewe, nusu baada ya nusu, na baada ya miezi mitatu karibu yote imekwisha. Pasipo choo, jamaa wachimbe shimo la mgonjwa mbali na boma na walifukie. Asiende kabisa kujisaidia lagani, karibu na visima. Nguo na leso zake zifuliwe kando siku za mwanzo, kisha zirudi kwenye matumizi kama kawaida. Siku zikiisha, mumrudishie mtoto wake, mkeka wake na nafasi yake katika mazungumzo. Kumtenga baada ya hapo ni dhuluma.

Miezi na miaka

Mgonjwa asitarajie nafuu siku ya pili. Tezi hufa polepole, na wiki za mwanzo moyo unaweza hata kukimbia zaidi kwa sababu homoni zilizohifadhiwa zinamwagika. Aendelee na propranolol alivyoagizwa, na akikosa pumzi au moyo ukivurugika aende hospitali. Mabadiliko huonekana kati ya wiki 6 na miezi 6. Wachache huhitaji dozi ya pili. Mwanamke asubiri angalau miezi 6 kabla ya kushika mimba, mwanamume miezi 4 hivi.

Kisha hufuata jambo ambalo wengi hawaambiwi vizuri: watu wengi waliomeza iodini hii huishia kuwa na tezi iliyolala. Hayo ndiyo matokeo yanayotarajiwa. Mtu huhisi baridi wakati wenzake wanatafuta kivuli, husinzia, huvimbiwa, huwa mzito wa mwili na wa fikra, hukata tamaa. Na hapa Turkana hutudanganya kwa mara ya pili. Aliyekuwa mifupa akianza kunenepa, jirani humsifu: umepona, umenona! Wakati wa sifa hizo ndio wakati wa kumpima TSH. Apimwe wiki 4 hadi 6 baada ya kumeza, arudie katika miezi inayofuata, na hali ikitulia apimwe kila mwaka maisha yake yote.

Dawa ya tezi iliyolala ni levothyroxine, kidonge kimoja kila siku. Kinywewe alfajiri kwa maji matupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai. Maziwa huizuia isiingie mwilini, na chai yetu ni ya maziwa. Vidonge vya damu, vile vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, vikae mbali nayo kwa saa 4. Mwislamu anayefunga Ramadhani apange na daktari saa ya kunywa usiku. Joto huiharibu: isiachwe chini ya paa la mabati wala mfukoni mwa mchungaji mchana kutwa. Ikae ndani ya chombo kilichofungwa, kivulini, mahali penye ubaridi lakini pakavu. Familia inayohamia malishoni iombe vidonge vya miezi mitatu kwa mpigo. Na mwanamke anayetumia dawa hii akishika mimba, aende kliniki wiki hiyo hiyo, kwa kuwa kipimo chake karibu kila mara huhitaji kuongezwa kwa ajili ya ubongo wa mtoto.

Ninachowaomba

Ninyi wa hospitali za Lodwar na Kakuma, mpeni kila mgonjwa anayekwenda Nairobi barua yenye maelezo ya nyumba yake: analala na nani, choo gani, maji ya wapi, nani mjamzito katika boma. Mistari mitano inatosha. Akirudi, jina lake liandikwe kwenye daftari la kliniki pamoja na tarehe za TSH, na mhudumu wa afya ya jamii apewe tarehe hizo, kwa sababu yeye ndiye anayejua familia imehamia wapi.

Wakuu wa kaunti na mashirika yanayohudumia kambi, hakikisheni levothyroxine haikosekani rafuni. Kumpeleka mtu Nairobi tezi yake ikalazwe, kisha kumnyima kidonge cha kuishi bila tezi hiyo, ni kumbadilishia ugonjwa.

Nanyi jamaa, kaeni na mgonjwa wenu kabla ya safari. Amueni nani atalala na watoto, nani atachota maji, nani atachimba shimo, nani atamkumbusha kidonge cha alfajiri mwaka huu na miaka kumi ijayo. Mgonjwa aliyepangiwa hayo humeza dawa yake akiwa na moyo mtulivu, na daktari wake hufanya kazi akijua nani anamsaidia. Maandalizi hayo hayauzwi Nairobi. Yako mikononi mwenu, na yaanze leo.